Kitufe Nilichokataa Kugusa

Katika kiwanda chetu cha majani chai, karibu na Kebirigo, kila Jumatatu kabla mashine hazijawashwa mmoja wetu huwafunza wenzake jambo jipya. Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya Atieno, fundi kutoka upande wa ziwani. Kitufe cha kuzimia mashine ya kusaga kilikuwa kimehamishwa, naye akataka kila mtu aje akiguse.

Mimi nilibaki kwenye benchi na kikombe changu, nimejikunjia miguu kama chifu.

"Mwache mzee," wenzangu wakacheka. "Hata hiyo mashine ilimkuta hapa."

"Baba, njoo uguse tu," Atieno akanisihi.

"Utanifunza nini, mwanangu? Nilianza kazi hujazaliwa."

Alhamisi majani yalikwama. Atieno alipoinama kuyasukuma, mkono wa koti lake ukanaswa.

"Baba, zima!"

Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nilikimbilia mahali pa zamani, nikabonyeza kwa nguvu zangu zote, nikabonyeza tena.

Mtu mwingine ndiye aliyezima. Vidole vya Atieno vilikuwa vimeshakatika. Wenzangu walipogeuka kunitazama, kiganja changu kilikuwa bado kinasukuma ukuta mtupu.