Namba Tatu Aliyebaki Nguvumali

Nilikuwa kidato cha pili mwaka ambao timu yetu ya taifa ya mpira ilikwenda kwenye Michezo ya Afrika. Bweni zima tulitegemea redio moja, ya mwalimu wa zamu, naye aliiweka dirishani ili tusikilize tukiwa nje. Betri zilikuwa zimechoka. Sauti ya mtangazaji ilipotea, ikarudi, ikapotea tena, nasi tukawa tunajazia wenyewe yale tusiyoyasikia, tukifunga mabao ambayo hayakuwapo. Tulijua tumeshindwa pale mwalimu alipoizima bila kusema neno na kutuamuru twende tukafagie.

Tangu siku hiyo nimeifuata timu yetu kwenye mashindano hayo makubwa, yale yanayokusanya mbio, ngumi, kuogelea na mpira mahali pamoja. Historia yake ni fupi. Mtu anaweza kuisimulia yote kabla chai haijapoa. Olimpiki tumepeleka wakimbiaji na mabondia, lakini timu ya mpira haijafika hata mara moja. Michezo ya Afrika tumeingia kwa nadra, na tukiingia hurudi wakati wenzetu ndio kwanza wanazoea vitanda. Hata hivyo niliipenda historia hiyo, kama mzazi anavyompenda zaidi yule mtoto wake anayeumwaumwa.

Binti yangu wa mwisho nilimlea nayo. Wenzake walihadithiwa sungura na fisi, yeye nilimhadithia mabeki. Nilikuwa karani wa ghala kwenye shamba la mkonge upande wa Maramba, na uwanja wetu ulikuwa nyuma ya korona, pale mashine inapokamua majani na harufu yake kukaa puani mpaka Jumapili. Mtoto alicheza hapo na watoto wa wakata mkonge. Mguu wake ulikuwa wa kushoto. Mama yake alijaribu kumzoeza kula kwa mkono wa kulia akafaulu, lakini mguu ulimshinda.

"Baba," aliniuliza siku moja, "kwani wasichana hawaendi kwenye hiyo michezo?"

"Wanaanza kwenda."

"Basi mimi nitakwenda. Nitacheza namba tatu."

Nilicheka. Niliona fahari. Leo nikikumbuka najua kwamba hamu ile niliipanda mimi kwa mikono yangu, na ndiyo maana nilichokuja kufanya baadaye ni kibaya zaidi.

Mama yake alifariki mtoto akiwa darasa la tano. Mwaka wa mtihani wa darasa la saba, malaria ilimwangusha wiki ile ile. Aliandika huku anatetemeka, akafeli. Mwalimu mmoja alinifuata ghalani.

"Mzee, huyu mtoto ana akili. Aliyefanya mtihani ni malaria, si yeye."

"Sasa tufanyeje?"

"Kuna mtoto anayeingia darasa la saba mwakani. Wazazi wake ni wakata mkonge, wameshahama, wamerudi kwao Kigoma. Jina limebaki kwenye daftari. Binti yako akae hapo, arudie."

"Kwa jina la mwenzake?"

"Mzee nawe! Kwani jina ndilo linalofanya mtihani?"

Nisijitetee kwa kusema sikujua. Nilijua. Lakini mashambani kurudia darasa kwa jina la mtu ilikuwa kama kuazimana chumvi. Wapo waliokuwa walimu na manesi kwa majina ya watoto walioolewa au kuhama, na hakuna aliyewanyooshea kidole. Nilikubali siku ile ile. Kitu kimoja tu nilikiona daftarini nikakiacha kipite: yule mtoto wa Kigoma alichelewa kuanza shule, na kwenye karatasi alikuwa mkubwa kuliko binti yangu kwa miaka miwili. Nikajiambia, miaka miwili ni nini?

Alifaulu vizuri. Akaenda sekondari akiitwa jina lile, na nyumbani tukamwita lake. Alipofika kidato cha nne wakataka cheti cha kuzaliwa. Cheti kilipaswa kufanana na majina ya shule, kwa hiyo nilikwenda mahakama ya mwanzo, nikashika Biblia, nikaapa kwamba mwanangu anaitwa hivyo na alizaliwa mwaka ule wa daftarini. Hakimu aliniuliza mara moja tu. Nilijibu kwa sauti, kwa sababu nilisoma, na mtu aliyesoma huona aibu kujibu kwa kunong'ona.

Nilipostaafu tulihamia mjini, mtaa wa Nguvumali. Hapo ndipo makocha wa timu ya taifa ya wasichana walipomwona kwenye mashindano ya mkoa. Wakamwita kambini. Akakaa wiki tatu, akarudi na jozi mpya ya viatu na habari iliyonifanya nikae kitako: amechaguliwa. Timu ya wasichana ilikuwa inakwenda Michezo ya Afrika, na namba tatu ni yeye.

"Ila kuna sharti, baba. Asiyezidi miaka ishirini."

Alikuwa na kumi na tisa. Kwenye karatasi alikuwa na ishirini na moja.

Usingizi ulinipaa. Nilikwenda kwa wakili mmoja mjini, nikaapa upya, safari hii kwa umri wa kweli ila jina lile lile, nikasema kiapo cha kwanza kilikuwa na kosa la kuandika. Nikafungua sanduku la marehemu mama yake, nikatoa cheti cha ubatizo. Kilikuwa kimekunjwa mara nne na kimeingia rangi ya chai kwenye mikunjo, lakini mwandiko wa padre ulisomeka: jina lake mwenyewe, siku aliyozaliwa, siku aliyobatizwa. Nikakitia kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto. Nilijiambia nitakitoa kikihitajika.

Ofisa wa pasipoti alikuwa kijana wa rika la mwanangu wa kwanza. Alisimama kutupokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Alimtazama binti akatabasamu. "Huyu ndiye namba tatu wetu? Dada, ukifika huko usipande sana, ukatuachia mlango wazi."

"Mlango wangu haufunguki ovyo, kaka," alijibu binti, na wote wawili wakacheka. Ndiyo mara ya mwisho kucheka ndani ya chumba kile.

Ofisa alifungua faili, akasoma, akarudia kusoma. Kisha akaweka karatasi mbili mezani, ubavu kwa ubavu.

"Mzee wangu, hapa pana wazee wawili wenye saini moja. Mmoja ameapa mtoto ana miaka ishirini na moja. Mwingine ameapa ana kumi na tisa. Nimwamini yupi?"

"Karani alikosea kuandika."

"Karani alikosea, nawe ukaliapia kosa lake ukiwa umeshika Biblia?"

Akaweka kalamu chini, akasema polepole, bila ukali, na upole wake ndio ulioniumiza.

"Nisikilize. Kama kiapo cha kwanza ni cha uongo, sema. Nitaandika hivyo, utatia saini, na nipe ushahidi wowote wa zamani, hata cheti cha ubatizo. Faili litakwenda kwa wakubwa leo hii, na huenda mtoto akasafiri. Lakini sikufichi, kuapa uongo ni kesi. Ukinyamaza, nafuata cha kwanza, na safari haipo."

Cheti kilikuwa kifuani. Nilikuwa nakisikia kikinichoma kila nilipovuta pumzi. Nilifikiri juu ya cheti chake cha kidato cha nne, kwamba wakijua jina si lake watakifuta, na miaka yote ya ada na madaftari itakuwa kazi bure. Hilo ndilo nililowaambia watu baadaye, na ni kweli nililifikiri. Lakini halikuwa la kwanza. La kwanza lilikuwa mahabusu. Niliona mlango wa chuma na ndoo kwenye pembe. Niliona Jumapili watu wa jumuiya yetu, ambao mimi ndiye mwenyekiti wao, wakitoka kanisani na kuulizana kwa chini niko wapi. Nilimwogopea mzee mwenye nywele nyeupe, na mzee huyo ni mimi.

"Cha kwanza ndicho," nilisema.

"Una hakika, mzee?"

"Ndicho."

Binti hakugeuka kunitazama. Alikuwa anaitazama kalamu ya ofisa ikiandika. Tulipotoka nje alitangulia hatua kadhaa, kisha akasimama kunisubiri nivuke barabara, kwa kuwa magoti yangu si mazuri.

"Umemwambia mtu sikuzaliwa siku niliyozaliwa," alisema. "Na mama hayupo wa kubisha."

Nilisema nimelinda cheti chake cha shule. Akaitikia, "Haya, baba." Basi. Jina lake likatolewa kwenye orodha, akaingia msichana mwingine. Mazoezi akaacha. Sasa anashona sare za shule kwa fundi mmoja hapa mtaani, na mguu wake wa kushoto unakanyaga cherehani.

Michezo ilipoanza, jirani yangu, Mpemba muuza viungo, alinigongea mchana. "Njoo, mzee mwenzangu! Watoto wa kike leo wanacheza, na mimi nimenunua umeme kwa ajili yao." Binti alikuwa anafua uani. Nilimwuliza kama atakuja. Alisema nguo hazijifui.

Nilikaa kwenye kochi la jirani. Walipoingia uwanjani wamevaa rangi zetu na wimbo wa taifa ukapigwa, nilimtafuta namba tatu. Alikuwa mtoto mwembamba, aliyesuka nywele kwa mistari, na sikuwa na kinyongo naye. Alikuwa anaimba kwa macho yaliyofumbwa.

"Tazama hao!" jirani alikuwa anapiga paja. "Wallahi hawa wanakimbia. Si kama wale wanaume wenu, wakienda huko wanakwenda kununua simu."

"Wanaume wetu sote," nilimwambia.

"Wenu! Wakifungwa ni wenu."

Kipindi cha pili nilihisi mtu mlangoni. Binti alikuwa amesimama na beseni la nguo kiunoni, povu mikononi. Hakuingia. Aliangalia labda dakika tano. Wapinzani walipitisha mpira upande wetu wa kushoto, nyuma ya yule mtoto mwembamba, na wakafunga. Jirani alishika kichwa.

"Anaingia ndani sana," binti alisema, kana kwamba anamwambia mtu aliye karibu naye. "Anamfuata mtu badala ya kukaa na nafasi." Mguu wake ulikuwa umesogea nusu hatua kwenye kizingiti, mahali ambapo yule mwenzake alitakiwa awe. Kisha akageuka akaondoka na beseni lake.

Tulifungwa bao hilo hilo moja. Jirani alizima televisheni bila kusema kitu, nami nikamkumbuka mwalimu wetu na dirisha lake. Zaidi ya miaka hamsini, na redio ni ile ile. Tofauti ni kwamba safari hii palikuwa na nafasi ambayo mimi mwenyewe niliiacha wazi.

Nilirudi nyumbani. Alikuwa anaanika nguo. Nikaingia chumbani, nikatoa cheti cha ubatizo, nikamletea pale kwenye kamba. Alikausha mikono kwenye kanga kabla ya kukipokea. Alikisoma taratibu. Nadhani alikuwa hajaliona jina lake limeandikwa kwa wino tangu akiwa mtoto.

"Siku hii," alisema, "ilikuwaje?"

Nikamwambia. Ilikuwa Jumapili ya Matawi. Mama yake alishikwa na uchungu katikati ya maandamano, akafika zahanati ya shamba bado ana tawi la mnazi mkononi, na nesi alipojaribu kulichukua akakataa kuliachia. Mvua ya masika ilikuwa inapiga bati mpaka sikusikia mtoto alipolia. Nesi ndiye aliyetoka kuniambia. Tawi lile tulilichomeka juu ya mlango mpaka Kwaresima iliyofuata.

Alisikiliza yote. Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa.

"Siku ile ofisini, cheti kilikuwa wapi?"

"Nilikuwa nacho."

"Nacho wapi?"

Nikagusa kifua, upande wa kushoto. Alinitazama pale mkono ulipogusa. Nilitamani anitukane. Shati lenyewe lilikuwa kwenye kamba, kati yetu, likidondosha maji.

"Niliogopa kufungwa," nilisema. "Si cheti chako. Niliogopa mimi."

Alikunja karatasi kwa mikunjo yake ya zamani, akaitia kwenye pindo la kanga, akafunga fundo.

"Jumatatu tutakwenda," alisema.

"Wapi?"

"Kule kule ofisini. Utaapa kiapo cha kweli."

"Nafasi ya Michezo imepita, mwanangu."

"Najua imepita."

"Na cheti cha kidato cha nne watakifuta."

"Si changu. Ni cha mtoto wa Kigoma, na yeye hata hajui." Akatoa kibanio kwenye kamba. "Mimi nataka siku yangu."

"Watanifunga."

"Wakikufunga nitakuletea chai." Akabana nguo iliyofuata. "Na mihogo. Najua huwezi kunywa chai tupu."

Leo ni Jumapili. Nimekwenda misa, nimewaambia jumuiya watafute mwenyekiti mwingine, na walipouliza sababu nimewaeleza. Wengine wameangalia chini. Naandika haya kwenye meza ya kulia chakula, naye yuko upande wa pili, hasemi na mimi zaidi ya yanayohitajika. Amemaliza kupiga pasi shati lile, akaanza na mfuko wa kushoto. Sasa limening'inia msumarini, na cheti kimo ndani yake.