Nilivyowachagulia Wazungu mto wa kuvulia, na neno moja nililoliruka kwenye tafsiri

Wakuu, heshima kwenu nyote. Shikamoo za vijana nitazipokea huko chini, maana kwa umri huu sidhani kama humu kuna wa kunipokelea yangu.

Nitakachosimulia ni kweli kadiri kumbukumbu inavyoniruhusu. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Natype kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Nimesoma uzi wa kijana mmoja humu anayeuliza aende kuvua wapi likizo yake ya mwaka. Mmemjibu kwa majina ya mito na picha nzuri nzuri. Nikakumbuka kwamba kazi hiyo ya kuchagua mto niliwahi kuifanya, Ifakara, miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado anatawala.

Twende taratibu.

Nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali. Nilisoma shule ya misheni, Kiingereza changu kilitosha kutafsiri barua, na nilikuwa na kaptula mbili nyeupe zilizopigwa pasi. Kwa kijana wa wakati ule hayo yalikuwa mafanikio. Msicheke.

Bosi wangu alikuwa Mwingereza mrefu, si mtu wa maneno mengi. Watu walimwita Bwana Manyoya.

Jina lilitokana na uvuvi wake. Hakutumia chambo. Ndoano aliivisha manyoya ya kuku na nyuzi za rangi mpaka ikafanana na mdudu, halafu anairusha juu ya maji kwa fimbo ndefu nyembamba, mbele nyuma, mbele nyuma, kama mtu anayefukuza ndege kwenye mpunga. Wandamba, wenyeji wa bonde lile, waliomtazama pale kivukoni waliamini ni dawa. Samaki gani mwenye akili timamu ale unyoya?

Lakini aliwapata. Hasa yule samaki wa mtoni mwenye meno yaliyochomoza nje, ambaye Wazungu walimfananisha na chui.

Kila mwaka mwezi wa nane, maji yakishapungua, walikuja rafiki zake wanne watano kutoka Dar es Salaam. Wanapiga kambi mahali pamoja wiki nzima. Kwao ilikuwa kama hija.

Mmoja wao alikuwa daktari wa macho, mzee mfupi mwenye kofia iliyochakaa. Huyu alikuwa na utaratibu wake. Asubuhi anatazama macho ya wanakijiji pale kambini, bure, na mwenye haja ya kupasuliwa anarudi naye Ifakara. Jioni ndipo anavua.

Mwaka uliotangulia mkasa huu nilimsimulia mjomba wangu habari za daktari huyu. Ilikuwa stori tu ya kupitisha muda. Kumbukeni hilo.

Sasa, mahali pa kambi palichaguliwa hivi. Bosi anaandika barua, mimi naiweka kwa Kiswahili, matarishi wanazipeleka kwa majumbe. Majibu yakirudi nayaweka kwa Kiingereza, yeye anasoma na kuamua. Kwa hiyo kwa maneno ya leo, mimi ndiye nilikuwa Google.

Mwaka ninaousema zilitoka barua mbili. Moja Kisawasawa, chini ya milima, nyingine Masagati, huko mbali kupita Mlimba.

Hiyo ya Masagati ilinikosesha raha kabla hata haijaondoka.

Masagati ndiko aliko mjomba, kaka wa mama yangu. Baba alifariki nikiwa mdogo, mjomba akanilea. Alikuwa na kilindi chake, mahali mto unapojikunja na maji yanatulia, kina kirefu. Hapo aliweka migono yake, ile mitego ya kusukwa kwa fito, na kabla yake aliweka baba yake. Samaki wakavu waliotoka hapo ndio walionisomesha.

Na nilishaona jinsi mambo yanavyokwenda. Kulikuwa na mahali pengine mtoni ambapo wageni walipapenda mno. Haukupita mwaka likabandikwa tangazo kwamba mitego na nyavu marufuku, ni eneo la kuvua kwa fimbo tu. Tangazo hilo nililitafsiri mimi. Wenye maji yao walilisoma, wakakunja nyavu, wakahamia kwenye mpunga.

Kwa hiyo nilijua Bwana Manyoya akikanyaga kilindi cha mjomba mara moja, mjomba amekipoteza.

Majibu yakarudi.

Jumbe wa Kisawasawa alikuwa mkulima, hana habari na mto. Aliandika kwamba samaki wamejaa tele, mpaka wanagongana.

Jibu la Masagati lilitoka kwa mjomba mwenyewe, maana jumbe alimwachia mwenye maji ajibu. Alimwambia katekista, naye akaandika. Lilikuwa fupi: "Samaki wapo kidogo. Lakini karibuni."

Hapa lazima niwaeleze kitu, hasa mliozaliwa mjini.

Mvuvi wa kwetu hasemi samaki ni wengi. Hata mtumbwi ukiwa unakaribia kuzama kwa uzito, ukimuuliza atakwambia wapo kidogo. Mto una masikio. Ukiusifia, kesho unakunyima. Kila mtoto wa mtoni anajua kwamba mvuvi akisema kidogo, wewe leta kapu kubwa.

Bosi hakujua hilo.

Nikakaa na karatasi ile mbele ya taipureta. Neno "kidogo" nikaliweka kwa Kiingereza kama lilivyo: wachache. Sikuongeza wala sikupunguza. Nani angenishika?

"Lakini karibuni" nikaliruka. Nilijiambia ni adabu tu, mtu yeyote humwambia mgeni karibu hata kama ugali umekwisha.

Bosi akasoma majibu yote mawili, akaniuliza Masagati ni siku ngapi. Nikamwambia ni siku nyingi, mtumbwi na miguu. Akatia alama kwenye Kisawasawa. Nilitoka ofisini nimefurahi, nikanunua maandazi njiani.

Safari ya Kisawasawa nilikwenda nao kama mkalimani.

Kituko cha kwanza kilikuwa changu. Katika barua bosi aliandika kwamba wanavua kwa ile ndoano ya manyoya, ambayo kwao inaitwa inzi. Mimi nikaweka "wageni watavua kwa kutumia inzi." Jumbe, mtu mwema kabisa, aliweka nyama ioze siku tatu. Tulipofika akatupokea na kibuyu kimezibwa kwa majani, akamkabidhi bosi kwa mikono miwili. Bosi akafungua.

Inzi walitoka wote kwa pamoja, wakatua usoni kwake na kwenye ile kofia ya daktari. Jumbe akaniuliza kwa upole kama hawatoshi, aongeze.

Bosi alishukuru kwa heshima zote. Nilimwona mabega yakitikisika alipogeuka.

Uvuvi wenyewe ulikuwa bure. Vijito vya pale ni vizuri, maji baridi yanatoka mlimani, unaona mpaka mchanga. Lakini samaki ni wa kiganja. Wiki nzima wakapata perege wadogo na kambale mmoja ambaye nadhani alikosea njia. Wali na kuku wa jumbe ndivyo vilivyookoa safari.

Daktari peke yake ndiye aliyevuna. Kila asubuhi watu walipanga foleni, nami nikitafsiri. Alikuwepo bibi mmoja mwenye mtoto wa jicho, macho yote mawili meupe. Alirudi nasi Ifakara akapasuliwa. Nilikuwepo siku bandeji inatolewa. Daktari akaninyanyua mkono, akamwambia bibi ahesabu vidole vyangu.

Akahesabu vitatu. Vilikuwa vitatu. Akauliza kwa nini karani ana kucha ndefu.

Tulicheka sana. Sikuwaza jambo lolote zaidi ya hapo.

Krismasi nikapata ruhusa, nikaenda Masagati. Nilifika mchana, jua kali, mjomba ameketi nje anasuka mgono. Nikasema shikamoo mjomba. Akaitikia marahaba, akageuza uso upande ambao sikuwepo.

Nikasogea. Akanishika mkono, akaupapasa mpaka kwenye bega, ndipo akataja jina langu.

Nilikumbuka kwamba mwaka uliotangulia alikuwa akisogeza vitu karibu na uso. Nilidhani ni uzee. Hakuwa mzee hivyo.

Karibu na mto palikuwa na banda jipya la matete, refu, la kutosha watu sita. Njia imefyekwa kutoka kijijini mpaka majini. Ndani ya banda walikuwa wanalala kuku.

Mke wa mjomba aliniambia mumewe aliisimamia kazi ile mwezi mzima, akiwahimiza watu kwamba daktari wa macho anakuja. Siku zilipopita akaendelea kufagiza ile njia. Alifagiza mpaka mvua zilipoanza.

Tulipokula mjomba akaniuliza, bila hasira, mbona wageni hawakufika.

Nikamwambia waliona samaki ni wachache.

Akarudisha tonge sahanini, akasema, "Sasa mjomba, ulitaka niseme wamejaa, na mto unasikia? Nilisema kidogo. Ila nilisema karibuni. Au katekista hakuliandika?"

Nikamjibu pengine hakuliandika.

Wakuu, ile ndiyo sentensi ninayoionea aibu kuliko zote nilizowahi kutamka. Nilimsingizia katekista wa watu, na sikuwahi kuifuta.

Mnaweza kuuliza kwa nini mjomba hakuandika wazi kwamba macho yanamsumbua, daktari aje. Watu wa rika lake hawakuomba hivyo. Unakaribisha mgeni, unampa nafasi, akishakula ndipo shida yako inajitokeza yenyewe. Lile "karibuni" ndilo lilikuwa ombi lote.

Nilimteremsha Ifakara kwa mtumbwi, nikampeleka hospitali ya misheni. Wakampokea vizuri, wakamtazama, wakasema ugonjwa wake si kama ule wa yule bibi. Huu ukishafika hapo haurudi nyuma. Kama angetazamwa miezi minne nyuma ingesaidia? Walisema labda. Hilo "labda" nimeishi nalo zaidi ya miaka sitini.

Mwaka uliofuata nilimwendea bosi mwenyewe, nikamwomba safari iende Masagati. Nikamwambia samaki ni wengi ajabu. Akafungua faili, akanionyesha karatasi yangu mwenyewe: wachache. Halafu akaniambia daktari amestaafu, amerudi kwao. Mwaka ule walikwenda kuvua kwingine, na sikwenda nao.

Kilindi kilibaki cha mjomba. Hakuna tangazo lililobandikwa, hakuna mzungu aliyerusha unyoya pale. Nilichotaka kukilinda nilikilinda.

Mjomba aliendelea kutega kwa kupapasa. Alijua kila kigingi kwa mkono. Nilikuwa nakwenda kila likizo, nashika kasia, yeye ananielekeza kwa kusikiliza maji. Hakuwahi kunilaumu, na sijui hata kama alishtukia.

Mara ya mwisho nikiwa naye, alivuta mgono mmoja ukawa mzito, ikabidi tusaidiane. Ulijaa mpaka mdomoni. Wengine walikuwa wale wa meno, wakubwa, wa urefu wa mkono wangu, wanang'aa juani. Bwana Manyoya angelia kuwaona.

Mjomba akageuza uso upande wangu, safari hii sawasawa.

"Wapo?"

Nikamwambia, "Wapo kidogo, mjomba."

Akatabasamu muda mrefu, akaanza kuimba taratibu tukiwa tunarudi ukingoni. Mimi nilikuwa mbele na kasia, nikalia bila kutoa sauti, kwa sababu masikio yake yalikuwa makali.

Basi. Funzo ninalolijua ni moja: ukisimama katikati ya watu wawili wasiosikilizana, fikisha maneno yote, hata yale unayoyaona ni adabu tu. Yale uliyoyaona madogo huenda ndiyo yaliyobeba mzigo. Na kwa yule kijana wa likizo, kabla hujachagua mto, muulize mwenye maji kisha umsikilize mpaka amalize.

Mwenye la kusema aseme. Mwenye kunilaumu ana haki yake, sitajibishana. Kama kuna mjukuu wa yule katekista humu, naomba samahani kwa kumsingizia babu yako.

Karibuni. Neno hilo nimeliandika mwenyewe, na safari hii sijaliruka.