Oil ya pick-up ya mzee wangu ilikuwa inatoka wapi

Wakuu, nawasalimu kutoka Nyeri. Mimi ni shosho, nyanya mzee, shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo mkiona makosa mniwie radhi. Haya niliyaona na macho yangu, na sitaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya sabini. Mzee wangu, yaani bwana yangu, alikufa akaniacha na shamba ya kahawa na pick-up moja. Kuendesha alinifundisha yeye. Wanawake wenye kushika usukani kwetu walikuwa wachache, na watu walinisema.

Miezi michache baada ya mazishi, gari ikaanza kumwaga oil. Kila mahali nikisimamisha inaacha doa nyeusi.

Nikapeleka kwa fundi huko Chaka. Akalala chini yake, akatoka akisema, "Mama, ni oil seal ya nyuma, ile mpira inazuia oil. Lazima injini ishuke."

Shemeji yangu, ndugu ya mzee, alikuwa hapo. "Mama Wambui, hii gari inafuata mwenyewe kaburini. Jumatatu naleta mtu wa Nanyuki ainunue. Kwani utaenda nayo wapi, wewe na nani?"

Hiyo "na nani" ilinikaa rohoni.

Sasa sikieni kosa langu. Mzee alikuwa anapanguza injini kila Jumamosi mpaka inang'aa, ndio Jumapili twende kanisa. Alipokufa nikaendelea hivyo hivyo. Hakuna mtu alinituma.

Jumamosi hiyo, kitambaa iko mkononi, nikasimama. Kama mimi napanguza kila wiki, fundi ataona aje mahali oil imepitia?

Nikaosha injini na mafuta ya taa, nikangoja ikauke. Nikanyunyizia unga ya ngano kutoka juu mpaka chini.

Jirani akachungulia kwa ua. "Mama Wambui, gari inataka chapati?"

Nikamwambia aangalie sufuria yake.

Nikaendesha kidogo hapo kwa shamba, nikazima, nikafungua boneti. Kwa unga kulikuwa na mstari mweusi. Umeanza juu kabisa, kwa kifuniko ya injini, ukateremka nyuma mpaka pale fundi aliona. Ilikuwa gasketi tu, ile ya kuziba hapo kwa kifuniko, imekauka ikapasuka.

Nikageuka upande mzee alizoea kusimama, nikasema, "Umeona?"

Hakukuwa na mtu.

Nikashuka mjini kutafuta gasketi mpya, nikafunga mwenyewe na spana za mzee. Jumatatu shemeji akaja na mtu wake, wakainama, chini pakavu. Nikawapa chai. Nikawaambia gari haiuzwi, na Jumapili nitaenda nayo kanisa mimi peke yangu. Nikaenda.

Nilichojifunza: oil inadondoka chini lakini inaweza kuwa imetoka juu. Osha, nyunyizia unga, endesha kidogo, angalia. Na usipanguze kabla hujaangalia.

Kama gari yako inavuja, andika hapa ni wapi na tangu lini. Hata kama haivuji, andika. Nyumba iko kimya, nasoma zote.