Barua kwa Mtani wa Bibi

Harufu ya mdalasini mbichi bado hunirudisha kwa Bibi. Msimu ule wa mvua, nikiwa darasa la sita, Bibi alikuwa akimenya magome barazani kwetu Kinole, na Mmarekani aliyepanga chumba cha uani akimsaidia vibaya. Alikuwa mwanadiplomasia mstaafu. Miaka mingi aliketi mezani kati ya nchi zilizogombana, kisha akawa mwalimu wa uhusiano wa kimataifa katika chuo kikuu kwao. Kwetu alikuja kuandika kitabu kuhusu kazi hiyo, na Bibi akamfanya mtani wake.

"Umepatanisha mataifa, mtani, halafu kisu kinakushinda!"

"Mataifa hayana makali kama wewe, Bibi."

Siku moja Bibi akamwambia, bila kucheka, kwamba mtani ana wajibu: yeye akifa, aje msibani amwigize, amtanie, mpaka wafiwa nao wacheke. Mzee yule akampa mkono, kama anayetia saini mkataba.

Alirudi kwao kufundisha, Bibi akaugua. "Mwandikie mtani wangu," aliniambia, kwa kuwa nyumbani mwenye Kiingereza nilikuwa mimi. "Aje anicheke ningali nasikia." Niliandika mstari wa kwanza, nikaufuta. Nikisema "mgonjwa sana" si nitamtisha? Nikisema "mgonjwa" tu, si atachelewa? Kurasa za daftari zikaisha. Kila jioni Bibi aliuliza, "Mtani hajajibu?" Nami nikasema, "Bado, Bibi." Alikufa akiamini amesahauliwa, na msiba wetu haukuwa na kicheko.

Miezi miwili baadaye mtani alitokea njiani na begi lake, akipaza sauti: "Yuko wapi huyo mwenye makali?" Mama, aliyekuwa akipepeta mahindi, akaweka ungo chini, akamwonyesha kaburi. Mzee alipoelewa, alijifunga kanga ya Bibi kiunoni, akaenda kaburini akaigiza mwendo wake wa kuchechemea. Hakuna aliyeweza kucheka, hata yeye.

"Mbona hamkuniandikia?"

Wote wakanitazama. Nikasema barua ilipotea njiani. Akaniwekea mkono kichwani. "Hutokea, mjukuu wangu. Nimeona vita vikianza hivyo."

Leo nina shahada ya somo lake, na ujumbe hufika Amerika kabla sijaweka simu chini. Anwani yake ipo kwenye ukurasa wa chuo, chini ya orodha ndefu ya nchi alizofanyia kazi. Sasa ni mzee sana. Kila asubuhi naifungua rasimu yangu, naisoma, naifunga. Ina mstari mmoja tu: Shikamoo, Babu. Barua haikupotea.