Fremu ya Marehemu Kwenye Ukuta wa Mawe

Mnisamehe kwa mwandiko huu na makosa ya herufi, shule niliishia darasa la saba.

Nafanya kazi kwa fundi wa fremu mjini Bukoba. Juzi alinituma kijijini Kashozi kwa Mama Koku, nitundike picha ya marehemu mumewe kabla jumuiya ya kanisa haijafika kusali. Fundi akaniambia nikiharibu tena, nisirudi kazini.

Ukuta ulikuwa wa mawe, misumari yote ikapinda. Niliona aibu kusema kwamba sikubeba mashine ya kutobolea, nikaibandika fremu kwa gundi. Watu walipoingia ikaanza kuteleza, basi nikaiegemea kwa mgongo kama mtu anayepumzika.

Wote wakapiga magoti. Mimi nikabaki nimesimama.

“Waitu, kijana wetu, mbona hupigi magoti?” akauliza mwenyekiti wa jumuiya. “Au wewe Mlutheri?”

“Ndiyo, mzee,” nikajibu, ingawa mimi ni Mkatoliki.

“Hata Walutheri hupiga magoti, mwanangu,” akasema Mama Koku. “Haya, sogea tumwone mzee wangu.”

Nikasogea. Mzee akashuka hadi sakafuni, kioo kikapasuka mbele ya wote.

Bado sijarudi kwa fundi. Niandikieni, nimwambie nini?