Kitufe cha Dharura

Jamani, nalia na kidole changu hiki. Kompyuta ya simu za mgodi wetu mdogo, huku Buseresere, ilikuwa inakagua kwa kila simu kama hali ya dharura imewashwa, ili walio chini ya ardhi wapishwe laini. Haikuwahi kuwashwa. Basi mimi mjuaji nikaandika "imezimwa" humohumo ndani ya programu, isihangaike tena kukagua. Simu zikawa nyepesi, nikatamba.

Juzi kifusi kikaporomoka duarani, mle shimoni wanamochimba. Nikabonyeza kitufe cha kuwasha dharura, lakini laini zikabaki zimejaa simu za watu wa juu. Nikalaumu mnara. Nikamfokea fundi umeme.

Mama Kulwa, msimamizi wetu, mumewe akiwa chini, akaniuliza taratibu, "Baba Shija, hicho unachobonyeza, kompyuta inakisikiliza kweli?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kidole kilikuwa bado kinabonyeza.