Dunia Isisingiziwe

Zamani baragumu la mfongo likilia, wanaume wa kijiji kizima walishika majembe kabla umande haujakauka; siku hizi mwito unatumwa kwenye simu, nao wanajibu kwa picha ya kidole gumba, kisha wanageukia ukutani na kuendelea kulala.

Aliyepuliza baragumu lile alikuwa jirani yangu Eliamini, mlinzi wa mfongo hapa Mwika kama baba yake na babu yake. Mfongo ni mfereji unaochepusha maji ya mto kule msituni na kuyashusha mpaka kwenye migomba na kahawa zetu. Yeye ndiye aliyegawa zamu za maji, na sikumbuki aliyewahi kumbishia mara mbili.

Watafiti walipokuja kutoboa matope ya Ziwa Chala, kule chini upande wa Holili, Eliamini alipata kibarua cha kuvuta kamba kwenye jukwaa lao linaloelea. Aliyoyasikia huko akayamwaga kilabuni, mbele ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na hapo ndipo alipojiponza.

"Matope yale yana mistari," alisema. "Mweupe wa miezi ya upepo, mweusi wa miezi ya joto, mwaka juu ya mwaka. Yanaonyesha enzi ziwa lilipojaa na enzi liliposhuka. Dunia inazunguka huku inayumba, kama pia ya mtoto. Ikiyumba, majira ya jua kali yanahama polepole, na pepo za mvua kutoka baharini zinapata nguvu au zinalegea. Tena enzi barafu ilipofunika Ulaya, bahari ilipoa, pepo zikafika huku hazina kitu."

Primus, katibu wa kamati ya maji, akapiga paja. "Meku, mzee wangu, kumbe hata dunia inakunywa mbege!"

Tulicheka. Masika yalipopita bila mvua ya maana, kamati ikaitisha mkutano, na hapo kicheko kiliisha. Primus alisimama akasema, "Mmesikia kwa mlinzi mwenyewe. Ukame unaletwa na dunia kuyumba. Jembe litainyoosha dunia? Tuufunge mfongo, njia yake tuigawe viwanja."

Walishangilia. Wavivu walikuwa wamepata sayansi.

Eliamini aliinuka taratibu. Mfongo ukifungwa, vihamba vyote vya chini, mashamba yetu ya migomba, vingekauka, na kazi ya vizazi vitatu ingeishia mikononi mwake.

"Primus mwanangu, yumbo moja la dunia linamaliza zaidi ya miaka elfu ishirini. Wewe uliacha lini kuzibua mfongo?"

"Kama mwaka juzi hivi, meku."

"Basi dunia isisingiziwe. Na mvua ingekuwa ya kuaminika, babu zetu wangechimba mfongo wa nini? Nipeni mpaka Jumamosi. Maji yasipofika kwako, gaweni."

Alisema kweli, na mimi niliyeishia darasa la saba nikasoma mengine kwa macho yangu mwenyewe naongeza hili: theluji ya Kibo, kilele cha mlima wetu, imepungua ndani ya umri wangu mmoja. Hakuna yumbo linalokimbia hivyo. Hilo nalo tutafute mwenye nalo hapa hapa kati yetu wanadamu.

Alfajiri ya Jumamosi baragumu lililia. Tulitokea wazee wachache, na Elisifa, mke wa Eliamini, jembe begani. Zamani mwanamke hakukanyaga kichwa cha mfongo, pale unapoanzia mtoni.

"Mama, huku ni mwiko," mmoja wetu akanong'ona.

"Mwiko uliwekwa wanaume wakiwa wengi," alijibu. "Wako wapi? Sogea nichimbe."

Mpaka jua linageuka tulikuwa tumeng'oa mawe na mizizi, maji yakaanza kushuka. Eliamini alikohoa mno siku ile. Kesho yake binti yao alikuja akawachukua wote wawili, baba akatibiwe Dodoma, na mpaka leo hawajarudi.

Mara ya mwisho niliwaona jioni hiyo hiyo ya Jumamosi, wakishuka ndani ya mfongo mbele ya maji, yeye akizibua kwa ncha ya jembe, mkewe akitupa majani makavu pembeni kwa mguu. Primus alikuwa amesimama mpakani kwake na futi kamba mkononi, tayari kupima viwanja. Walimpita wakiendelea kuzibua. Maji yakawafuata nyuma, na Primus akaruka ili asilowe viatu.